Darasa la Ngumbaru na Waliobaki Nje

Katika nchi ya Wasukuma, hamu ya mtu mzima kujua kusoma ilichochewa sana na mzani wa pamba. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa Jimbo la Ziwa alibeba mzigo wake hadi kituo cha kununulia, mnunuzi akaupima, akataja uzito, akaandika stakabadhi. Asiyejua tarakimu alipokea alichopewa na kwenda zake akinung'unika. Manung'uniko hayo yalizaa wapimaji huru, kisha vyama vya ushirika, na mwaka 1955 Shirikisho la Victoria ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mkuu. Maeneo ya Bariadi, Maswa na Meatu yalikuwa ndani ya eneo hilo la pamba. Baadaye yakawa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, na tangu 2012 yamo katika Mkoa wa Simiyu.

Serikali huru iliijenga elimu ya watu wazima juu ya shina hilo. Mwaka 1968 mradi wa UNESCO ulianza Mwanza ukihudumia mikoa ya Ziwa, na neno lililoenea ni "kisomo chenye manufaa": mtu ajifunze herufi kwa kupitia kazi anayoifanya. Mkulima wa pamba alipewa kitabu cha pamba, mvuvi cha uvuvi, mfugaji cha ng'ombe. Rais Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata zikachaguliwa wilaya 6 za kufuta ujinga haraka, Ukerewe ikiwa mojawapo. Mwaka 1967 zaidi ya watu wazima 60 katika kila 100 hawakujua kusoma; kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha wamebaki chini ya 10. Takwimu za kampeni hazikosi kutiwa chumvi kidogo, lakini mwelekeo wake haupingiki.

Darasa lenyewe lilikuwa jambo la kawaida sana. Watu walikusanyika alasiri, kazi za shamba zikiisha, chini ya mti au katika chumba cha shule ya msingi ambamo madawati hayakumtosha mtu mzima, magoti yakagonga ubao. Mwalimu mara nyingi alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, akijitolea kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi, akimfundisha mama wa rika la bibi yake. Ilimbidi aanze kwa shikamoo ndipo aandike ubaoni. Watu waliliita darasa la ngumbaru, wengine kwa utani, wengine kwa dharau. Nchi nzima wanawake ndio waliolijaza. Shule za kikoloni ziliwapita, wazazi waliwapita pia, na sasa walikuwa na nafasi ya kuandika majina yao badala ya kuchovya kidole gumba kwenye wino.

Jambo hilo lilikuwa na nadharia yake. Paulo Freire, mwalimu kutoka Brazil, alitembelea Tanzania mwaka 1971, na mtafiti Budd Hall alikuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima jijini Dar es Salaam miaka hiyo. Wote wawili walisisitiza kwamba mwanafunzi mtu mzima haji darasani mtupu. Anakuja na maisha yake, na somo halina budi kuanzia hapo. Kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliitekeleza fikra hiyo kwa watu wapatao milioni 2: kikundi kilisikiliza, kikajadili hali ya kijiji chake, kisha kikachimba vyoo.

Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, posho zikakatika na madarasa mengi yakafa kimyakimya. Yaliyofuata yalikuwa mipango ya kuwapokea waliodondoka kutoka mfumo rasmi, kama MEMKWA kwa watoto walioikosa shule. Mfano ulio wazi zaidi ni wa wasichana waliopata mimba. Mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka kwamba hawatarudi katika shule za serikali, na njia iliyobaki kwao ikawa elimu mbadala, hasa kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Zuio hilo liliondolewa Novemba 2021. Tangu siku za mzani, basi, elimu ya watu wazima imekuwa mlango wa nyuma wa nyumba ya elimu, na waliofukuzwa mlango wa mbele wameingilia hapo.

Kundi moja halikutajwa katika mipango hiyo: wanawake wanaowapenda wanawake, wanaume wanaowapenda wanaume, na watu ambao jinsia yao hailingani na waliyopewa walipozaliwa. Sababu ya kwanza ni sheria. Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza iliiweka ngono ya wanaume wawili katika makosa ya "kinyume cha maumbile", na marekebisho ya mwaka 1998 yaliipandisha adhabu hadi kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Zanzibar, kwa marekebisho ya mwaka 2004, ilitaja waziwazi uhusiano wa wanawake wawili, kwa kifungo cha hadi miaka 5. Mwalimu aliye katika hali hiyo anahatarisha uhuru wake pamoja na ajira.

Sababu ya pili ni lugha. Maneno yanayojulikana mitaani, "msagaji" na "shoga", mara nyingi hutumika kama matusi, ingawa "shoga" katika Kiswahili cha pwani lilikuwa na bado ni jina la upendo baina ya wanawake marafiki. Kanda ya Ziwa ina mkanganyiko wake. Kwa Wakurya wa Mara, majirani wa Simiyu kwa upande wa kaskazini, kuna nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume humuoa mwanamke mwingine ili amzalie warithi. Hiyo ni desturi ya urithi na ukoo. Kuichukua kuwa ushahidi wa mapenzi ya jinsia moja ni kuikosea, na kudai kwamba mila za eneo hili hazijawahi kuwaza ndoa isiyo ya mume na mke ni kuikosea pia.

Mlango uliofunguka kidogo ulipitia afya. Katika vita dhidi ya VVU, wataalamu walitambua kwamba asiyefikiwa na ujumbe hajikingi, na waelimishaji rika wakaanza kuwafundisha wenzao katika vituo vidogo na nyumba za watu, hasa mijini. Hii ilikuwa elimu ya watu wazima kwa maana yake kamili: mtu anamfundisha mwenzake kuanzia maisha wanayoyajua wote wawili. Kisha mlango ukafungwa. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku ugawaji wa vilainishi, na Februari 2017 Wizara ya Afya ilitangaza kusitisha huduma za VVU kwa makundi hayo katika vituo 40. Oktoba mwaka huohuo watu 13 walikamatwa Dar es Salaam katika mkutano wa kisheria, wakiwemo mawakili. Mwaka mmoja baadaye mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka watu wa makundi hayo, na serikali ikasema hayo ni maoni yake binafsi.

Uingereza nako kulikuwa na mlango uliofungwa. Kifungu cha 28 cha mwaka 1988 kilikataza halmashauri "kuhamasisha" mapenzi ya jinsia moja, na kwa kuwa halmashauri ndizo zilizoendesha madarasa mengi ya watu wazima, walimu walinyamaza kwa hofu hata pale sheria haikuwahusu. Kilifutwa England mwaka 2003, na mwaka huohuo kanuni za ajira na mafunzo zikaanza kumlinda mwalimu na mwanafunzi wa vyuo. Nchini Kenya, Mahakama ya Juu iliamua Februari 2023, kwa majaji 3 dhidi ya 2, kwamba kundi la watu hao haliwezi kunyimwa usajili kama asasi, ingawa sheria ya adhabu imebaki pale pale. Mwezi huohuo Tanzania iliondoa vitabu 16 mashuleni kwa hoja ya maadili.

Katika madarasa ya sasa ya Simiyu, kinachoweza kubadilika bila sheria ni vitu vidogo vilivyo mikononi mwa mwalimu. Daftari la mahudhurio lina safu mbili, ME na KE, lakini jina la kumwitia mtu darasani huchaguliwa na mwanafunzi mwenyewe. Mfano wa hesabu unaweza kumhusu "mkulima" na "jirani" badala ya "mume" na "mke". Alichosema mwanafunzi katika majadiliano hakipelekwi kwa mtendaji wa kijiji, na mzaha wa darasani hukatizwa kama unavyokatizwa mzaha kuhusu kabila au ulemavu.