Barua kwa Ndugu

Vita vya kalamu dhidi ya utumwa wa Marekani husimuliwa mara nyingi kana kwamba vilianzia Boston, katika gazeti la William Lloyd Garrison la mwaka 1831. Msimulizi wa namna hiyo humsahau mchungaji mmoja wa nchi za mpakani, ambaye hoja zake zilikuwa zimekwisha pigwa chapa miaka saba kabla.

John Rankin alizaliwa Tennessee mwaka 1793, mahali ambapo utumwa ulilindwa na sheria. Alipoukemea mimbarini, wazee wa kanisa walimshauri ahame jimbo ikiwa hawezi kunyamaza. Akahamia Kentucky, akafungua shule ya watumwa, na ghasia za wenyeji zikaivunja. Mwanzo wa mwaka 1822 alivuka Mto Ohio pamoja na jamaa yake, akakaa Ripley, katika ukingo wa uhuru.

Huko, mwaka 1823, alipata habari iliyomchoma kuliko matusi ya adui: Thomas, ndugu yake wa damu, mfanyabiashara wa Virginia, amenunua watumwa. Mwingine angekata udugu, au angenyamaza ili usikatike. Rankin alishika kalamu. Barua zake zilitoka katika gazeti la Ripley mwaka 1824, zikawa kitabu mwaka 1826. Hazikuwa laana. Alikanusha kwamba rangi ya ngozi ni dalili ya upungufu wa akili. Kisha akajiwaza yeye mwenyewe mtumwa, mkewe na watoto wake chini ya mjeledi, akamwambia nduguye moyo wake ulivyochafuka. Neno gani lingeweza kumgusa Thomas zaidi ya hilo? Mwaka 1827 Thomas aliwaacha huru watumwa wake. Mwaka 1832 Garrison alizichapa barua zile zile Boston, na hakuona haya kujiita mwanafunzi wa Rankin.

Kalamu peke yake haikumtosha. Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima, na taa yake ilionekana usiku kutoka Kentucky. Watoro walivuka mto wakaipandia, nao vijana wa Rankin wakawapeleka kaskazini kwa farasi kabla ya mapambazuko. Mwaka 1838 mwanamke mmoja alivuka juu ya barafu iliyokuwa ikipasuka, mtoto kifuani. Habari zake zikamfikia Harriet Beecher Stowe, zikaingia katika riwaya yake ya mwaka 1852. Mwaka 1841 watu wenye silaha waliishambulia nyumba ile usiku, wakafukuzwa kwa risasi. Amani ya mchungaji, kama ionekanavyo, ilikuwa na mpaka wake.

Hata hivyo si haki kumpa Rankin sifa zote. Taa ilingoja kilimani. Aliyeufuata mwanga alikuwa mtoro mwenyewe, na mara nyingi aliyemvusha alikuwa John Parker, mtu mweusi aliyejinunulia uhuru mwaka 1845 akawa mfua chuma wa Ripley. Parker alivuka usiku mpaka Kentucky, katika nchi ambamo angeweza kuuzwa tena. Aliweka daftari la watu aliowasaidia, wapata 315. Ilipotoka sheria kali ya mwaka 1850 dhidi ya waliowaficha watoro, alilitia daftari lile katika tanuri lake mwenyewe.