Saloni ya okazi: fotei, gunia na ukumbusho katika nyumba za Kenya

Fotei ambayo mama anaikalia mpaka leo katika saloni yetu, hapa komini ya Kenya, ilikuwa kwanza ya muzungu mmoja wa reli, mutu wa BCK. Mwaka 1960 muzungu alirudi kwao kwa haraka. Mupishi wake akaileta Kenya juu ya pusupusu, akaiuza kwa fundi wa baiskeli. Fundi, aliposhindwa kulipa deni, akamwachia baba. Tangu siku muzungu alipoondoka, hakuna aliyelipa bei ya duka juu ya fotei ile. Ngozi yake ya kwanza ilikwisha zamani. Mama aliivalisha kipande cha rido, kisha akaifumia nguo ya kroshe kwa uzi wa sweta za okazi. Alikuwa ananunua sweta zilizotoboka viwiko, anazifumua, anafua uzi, anauviringa juu ya chupa ili unyoke. Rangi hazikulingana, kwa hiyo akatengeneza milia. Wageni walifikiri ni mutindo.

Musomaji mupenzi, ukipita soko ya Kenya siku mabelo ya rido na mashuka yanafunguliwa, utaona kazi ile ile inaendelea. Wamama na wasichana wanainama juu ya lundo, wanavuta, wanatupa, wanainua kitambaa mbele ya jua ili waone kama kimetoboka. Ndugu zetu Wabemba wa ng'ambo ya Kasumbalesa wana neno lake, salaula, yaani kuchakura na kuchagua ndani ya lundo, na hata hapa wengi wanalielewa. Shuka moja pana inatoa rido mbili za dirisha dogo. Kipande kinachobaki ni kitambala cha meza. Tairi iliyokufa inafungwa kamba na kuwa kiti, mbao za sanduku la mizigo zinapigwa randa na kuwa meza ya chini, na fremu ya dirisha lililovunjika inapokea picha ya ndoa. Mwenye franga kidogo anapata saloni ya kupokea wageni, na mwenye jicho zuri anapata saloni kuliko jirani mwenye franga nyingi.

Vijana wanasema kupamba nyumba na vitu vya okazi ni juu ya kukosa pesa. Si uongo. Lakini ukisimama pale, unaacha nusu ya habari. Katika mji huu kila kitu cha okazi kilikuwa cha mutu fulani, na mara nyingi tunajua ni nani na kwa nini aliachana nacho. Ndiyo sababu saloni za Kenya, Katuba na Kamalondo zinaweza kusomwa kama kitabu cha historia, hata kama kurasa zake nyingine zinauma.

Tuangalie saloni zenyewe zilitoka wapi. Mji ulianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, na mwaka uliofuata tanuru la shaba likawaka. Wafanyakazi wa kwanza walikuja kwa mukataba wa miezi michache. Mutu wa namna ile hahitaji fotei. Anahitaji sanduku ambalo atarudi nalo kijijini. Mambo yalibadilika karibu na mwaka 1928, Union Minière ilipoamua kukaza wafanyakazi mahali pamoja, waje na bibi na watoto. Pale njo nyumba ikawa nyumba. Foyer social zikafundisha wamama kushona, kufuma na kutandika meza. Tusizisifu kupita kiasi: zilitaka mwanamke Mweusi afanane na mwanamke wa Ubelgiji mwenye mushahara mudogo. Lakini sindano ya kroshe ilibaki mikononi mwa wamama, wakaifanyia kazi yao wenyewe.

Kulikuwa na tofauti kati ya kambi na mitaa yetu. Mutu wa Union Minière alipewa nyumba na posho, na siku kazi inakwisha, nyumba inakwisha pia. Kwa hiyo alipamba kwa vitu vinavyobebeka. Huku Kenya walikaa wafanyabiashara wadogo, mafundi, makarani na boi wa wazungu, ambao kila kiti walikitafuta wenyewe. Kati ya mji wa wazungu na mitaa ya Weusi kuliachwa eneo tupu la kutenganisha, na kila jioni boi alilivuka akirudi nyumbani. Mara alibeba rido zilizopauka, mara sahani yenye ufa, mara taa isiyowaka. Madam alimpa badala ya kutupa. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, na Katanga kujitenga siku 11 baadaye, wazungu wengi walikimbia, na vitu vikubwa vikavuka: mabufe, vitanda vya chuma, na fotei yetu.

Lakini kitu cha okazi kilichopata sifa mpaka Ulaya hakikutoka kwa muzungu. Ni gunia la bunga.

Zamani bunga iliuzwa ndani ya gunia la pamba. Likisha kuwa tupu, lilifumuliwa, likafuliwa mpaka maandishi yafifie, likatengeneza shuka, nguo ya mutoto au pazia la muko. Wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walilichukua gunia lile lile, wakalipigilia juu ya fremu ya mbao, wakalipaka rangi nyeupe, kisha wakachora. Kitambaa cha wachoraji wa kizungu kilikuwa ghali. Gunia lilikuwa karibu bure. Kwa hiyo picha iliweza kuuzwa kwa bei ya mufanyakazi, na muchoraji alipita mulango kwa mulango nazo kwapani. Katika miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, wakati shaba ilikuwa na bei nzuri, nyumba nyingi za watu wa kazi zilikuwa na moja au mbili ukutani, juu ya fotei.

Picha hizo hazikuwa pambo tu. Johannes Fabian, aliyefundisha kwenye Université ya hapa tangu mwaka 1972 mpaka 1974, na Ilona Szombati, walipouliza watu kwa nini wanazinunua, walisikia neno moja likirudi: ukumbusho. Kulikuwa na Mamba Muntu, mwanamke nusu samaki, anayempa mutu utajiri na kumudai kitu kizito. Kulikuwa na simba, kijiji cha mababu, Lumumba. Na kulikuwa na Colonie Belge: kiwanja cha gereza, mufungwa amelala chini anapigwa fimbo, muzungu anatazama, na wamama wamekuja na chakula.

Mugeni kutoka mbali anashangaa: nani anaweka picha ya kupigwa fimbo pale anapokunywa chai? Sisi tuliokulia chini yake hatushangai. Mutoto anauliza, "Baba, huyu alifanya nini?" Baba anaanza kueleza, na mugeni naye anaongeza ya kwao Bukama ao Manono. Hakuna aliyefundishwa vile masomoni.

Aliyejulikana kuliko wote ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947. Yeye alijiita muchoraji na mwandishi wa historia pia. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimuchorea Fabian historia nzima ya inchi, picha moja baada ya ingine, na 101 kati yake zilitolewa katika kitabu mwaka 1996. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna habari zake. Picha zenyewe ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa wakati ule Tropenmuseum. Magunia yetu ya bunga yanatunzwa kule kwa baridi na joto lililopimwa. Sifurahi kabisa wala sikasiriki kabisa. Yangebaki hapa, mengi yangeliwa na muchwa, ao yangeuzwa kama letu.

Maana sisi pia tulikuwa na Colonie Belge, na tuliiuza mwaka 1993. Baba alikuwa na miezi mingi bila mushahara. Mutu mmoja alipita Kenya akitafuta picha za zamani, akatoa bei ya gunia moja la bunga. Mama alihesabu watoto, akaishusha picha ukutani, akapangusa vumbi, akamupa. Tulikula bukari wiki tatu. Gunia lenyewe lilikuwa la plastiki lililofumwa, lile ambalo rangi haishiki, na mama alilifanya kapeti ya mulangoni. Baba hakusema neno. Kesho yake aligeuza fotei isitazame tena ukuta ule.

Miaka ile vitu vyote vya mji vilikuwa vinatembea. Mgodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990, na Gécamines ikaanza kuanguka nao. Oktoba 1991 askari na raia walipora maduka na nyumba, na asubuhi uliona friji zikipita njiani juu ya vichwa vya watu. Wanunuzi wa mitraille wakaingia mitaani: sufuria za shaba na vitanda vya chuma vya mababu vikapimwa kwa kilo vikaenda. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka mwaka 2003 kwa malipo ya mara moja, na baadaye wengi waliuza saloni zao kiti kwa kiti.

Tusiogope kusema la 1992 na 1993. Ndugu zetu wa Kasai walifukuzwa, wakangojea treni wiki na miezi, na mutu anayengojea treni hawezi kubeba bufe. Aliuza kwa bei yoyote. Saloni nyingi zilizopendeza katika jimbo letu zilipambwa mwaka ule. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 2000 na Bogumil Jewsiewicki na Donatien Dibwe dia Mwembu, ulifanya kazi njema ya kusikiliza watu wa kawaida na ukumbusho wao, lakini juu ya bufe hizo watu wanapenda kusema tu, "Niliinunua okazi." Mimi pia nilisema vile miaka mingi.

Yetu tuliinunua kwa jirani. Bibi wake alikuwa rafiki wa mama, walijifunza kroshe pamoja. Mama alimpa franga zote zilizokuwa nyumbani, na hazikufika nusu ya bei. Siku ya pili, akiifungua, alikuta katika mutoto wa bufe vitambala sita vya kroshe, vyeupe, vimekunjwa. Alikimbia mpaka gare, hakumuona katika umati ule. Alivirudisha mule mule. Hakuvitandika hata siku moja, hata Noeli. Kila mwaka alivifua, alivipiga pasi, alivirudisha. Tukimwuliza, alijibu, "Ile aiko yetu."

Karibu miaka 15 ikapita. Mwanamke kijana akabisha mulango, akasema jina la mama yake. Mama akamukalisha katika fotei, akampa chai. Mugeni alitazama bufe muda murefu, akaweka kidole kwenye alama iliyounguzwa na pasi pembeni, akacheka. "Hii ni mie niliunguza. Walinipiga sana."

Mama akafungua mutoto wa bufe. "Twala, mwana. Na bufe iko yenu, ukituma batu batabeba."

"Apana, mama. Mi niko mupangaji, nitaiweka wapi?"

Alichukua vitambala vitatu. Vitatu vingine aliviacha, akasema mama yake, kabla ya kufa kule Mbuji-Mayi, alisema vigawanywe. Siku ile mama alivitandika kwa mara ya kwanza, viwili juu ya bufe na kimoja kichwani mwa fotei. Ukutani, pale palipokuwa Colonie Belge, dada yangu ametundika rido ya maua aliyoichakura soko ya Kenya, maana alama ya picha, nyeupe kuliko ukuta, haijaisha bado hata tukipaka rangi.