Mlango Uliochelewa Kufunguliwa

Msomaji, ukimwona mwalimu wa kike akifundisha hesabu katika sekondari ya Molo, usidhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Mwalimu wa sekondari hupata sifa zake chuoni, na chuoni haingii ila aliyepita sekondari. Milango yote miwili iliwatangulia wavulana. Shule ya Alliance ya wavulana ilianza Kikuyu mwaka 1926. Ya wasichana ikafuata mwaka 1948. Chuo cha Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1922, kilipokea wanawake wa kwanza, sita tu, mwaka 1945. Ndipo kikaacha wito wake wa kale uliowahimiza wanafunzi wawe wanaume.

Huku Molo mambo yalizidi ugumu, kwani ardhi ilitengewa walowezi wa Kizungu. Hata shule ya ukulima ya Egerton, kule Njoro, ilianzishwa mwaka 1939 kwa ajili yao. Mtoto wa kibarua alizuiwa na rangi yake. Binti wa kibarua alizuiwa mara mbili.

Basi, uchache wa walimu wa kike haukutokana na uchache wa akili, bali na miaka zaidi ya ishirini ya kungoja mlangoni. Nawe binti, ukiambiwa kuwa hesabu si kazi ya wanawake, zikumbuke tarehe hizi, kisha ufungue kitabu chako.