Kituo cha Petroli na Mawe ya Moto ya Goma

Zamani msafiri alijua kwamba amefika mjini alipoona soko na mnara wa kanisa. Tangu motokaa zilipoenea, aona pia kituo cha petroli kando ya njia.

Jengo lake si la fahari: paa pana juu ya nguzo chache, pampu chini yake, na nyuma chumba kidogo cha karani. Matangi hayaonekani, kwa maana huzikwa ardhini. Petroli hutoa mvuke hata penye baridi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, nao ukikuta cheche huwaka mara. Basi wajenzi waliifanya ardhi iwe ngao ya mafuta.

Lakini huko Goma moto ulitoka katika ardhi yenyewe. Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Lava ilishuka, ikapita kiwanja cha ndege, ikakata mji katikati, ikamwagika katika Ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliharibiwa. Watu kwa malaki walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda.

Siku chache baadaye wengi walirudi, wakivuka juu ya lava iliyokwisha kuwa nyeusi. Kumbe jiwe hilo hupoa juu kwanza, na ganda lake hulifunika joto la ndani kwa siku nyingi. Jumatatu, tarehe 21, watu walikuwa wakichota mafuta katika kituo kimoja mjini. Petroli ikashika moto kwa joto la lava, kituo kikalipuka, wakafa makumi ya watu.

Habari za siku zile ziliwaita waporaji. Sisi hatuwezi kuwahukumu upesi hivyo. Mtu aliyepoteza nyumba na akiba kwa siku moja, debe la petroli laweza kuwa chakula cha watoto wake.

Watu wa Goma walijenga tena juu ya lava ile ile, wakatumia mawe yake kwa kuta. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulimwaga moto tena hadi ukingoni mwa mji. Wazee walisema, pafukapo moshi pana moto. Nasi tuwafundishe watoto wetu kwamba hata pasipofuka moshi, jiwe jeusi laweza kuficha moto.