Vitu Vilivyokutana Katika Bakuli Moja

Ikiwa nyumbani kwenu hupikwa pilau siku za sikukuu, basi kachumbari waijua: nyanya zilizokatwakatwa, kitunguu, pilipili, ndimu na chumvi. Jina lake lina asili ya Bara Hindi, lakini nyanya na pilipili zilizomo hazikutoka Bara Hindi, wala Arabuni, wala hapa petu Afrika. Zilitoka Amerika, na huko Meksiko watu huzichanganya karibu vivyo hivyo, nao huuita mchanganyiko huo salsa. Siku hizi wako watu wanaotia stroberi mahali pa nyanya. Mtu wa kwetu akisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza hukunja uso. Ngoja kwanza, mwanafunzi, usikunje uso. Sikiliza vitu hivi vilitoka wapi na vilikutanaje, kisha uende jikoni ukaamue mwenyewe.

Twaanza Meksiko. Mwaka 1519 Hernán Cortés na askari wake wa Hispania waliingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki uliojengwa ziwani. Yaliyofuata yanajulikana: mwaka 1521 mji ulianguka, nao ukavunjwavunjwa. Lakini masoko hayafi upesi kama majumba ya wafalme. Mtawa mmoja Mhispania, Bernardino de Sahagún, aliyefika nchi hiyo mwaka 1529, aliishi huko miaka mingi akiwauliza wazee wenyeji habari za maisha yao. Na vijana wenyeji waliosoma shuleni kwa watawa wakayaandika majibu kwa lugha yao wenyewe, Kinahuatl. Kazi hiyo kubwa ina vitabu 12. Humo, pamoja na habari za miungu na za vita, twawakuta wauza vyakula sokoni, na miongoni mwao wako wauza mchuzi wa pilipili na nyanya. Jambo hili dogo lina thamani kubwa. Historia mara nyingi hutupa majina ya majemadari na kutunyima habari za mama aliyekaa sokoni na chungu chake. Hapa, kwa mara moja, tumepewa.

Chombo chao cha kusagia kilikuwa bakuli la jiwe la volkeno lenye miguu mitatu. Bakuli hilo lingalipo katika majiko ya Meksiko hata leo, na jina lake, molcajete, limetokana na maneno mawili ya Kinahuatl, la mchuzi na la bakuli. Neno salsa, kwa upande wake, ni la Kihispania, na maana yake ya asili katika Kilatini ni kitu kilichotiwa chumvi. Ndimu na majani ya giligilani, ambayo wengi wetu huyaita dania, hayakuwako Amerika kabla ya Wahispania; waliyaleta wao kwa merikebu. Basi hata salsa ile iitwayo ya Kimeksiko ni mtoto wa mabara mawili, na kuzaliwa kwake hakukuwa kwa amani.

Nasi je, pilipili tuliipataje? Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, miaka sita tu baada ya Columbus kufika Amerika. Wareno walikuwa na bandari katika pande zote mbili, Brazili na Bahari ya Hindi, nao ndio wanaohesabiwa kuwa waliotangulia kuisambaza mimea ya Amerika pwani zetu. Tazama lugha ilivyotunza kumbukumbu ya jambo hili. Watu wa pwani walikuwa na neno pilipili tangu kale, neno ambalo nasaba yake yarudi Bara Hindi, nalo lilihusu zile punje nyeusi za biashara. Mgeni mwekundu alipokuja, mkali kuliko mwenyeji, alilichukua jina lile; na mwenyeji akalazimika kuongezewa la pili, akawa pilipili manga, yaani pilipili ya Uarabuni, kwa kuwa wazee wa pwani waliiita nchi ya Waarabu Manga. Nanasi nalo lilikuja na jina lake tangu kwa Watupi wa Brazili, likapita kinywani mwa Wareno, likafika kwetu likiwa halijabadilika sana. Likumbuke jina hilo. Tutakutana nalo tena.

Sasa tuje kwa stroberi, maana habari zake ni za ajabu kuliko zote.

Ulaya ilikuwa na stroberi za mwituni tangu kale, lakini zilikuwa ndogo kama ncha ya kidole. Katika karne ya 17 ikaletwa aina nyingine kutoka Virginia, Amerika ya Kaskazini, tamu lakini si kubwa. Mwaka 1712 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 14, alimtuma mhandisi wa jeshi, Amédée-François Frézier, aende Chile na Peru. Alijifanya mfanyabiashara, kwa kweli alikuwa mpelelezi, na kazi yake ilikuwa kuchora ngome za Wahispania. Jina lake lafanana na neno la Kifaransa la tunda lile lile litakalompa sifa, ingawa huo ulikuwa mwafaka tu. Karibu na mji wa Concepción akaona mashamba ya stroberi ambazo, kwa maandishi yake mwenyewe, zilikuwa kubwa kama jozi, na mara nyingine kama yai la kuku.

Akaichukua miche. Safari ya kurudi ilikuwa ya karibu miezi sita, na maji matamu melini yalikuwa ya kupimwa. Kila kikombe kilichomwagiwa mche kilikuwa kikombe kilichonyimwa kinywa cha mtu. Alipofika Marseille mwaka 1714 ilikuwa imesalia miche mitano. Miwili akampa mtu aliyekuwa na mamlaka juu ya shehena ya merikebu, kwa kuwa ndiye aliyewaruhusu maji. Mmoja ulipandwa katika bustani ya mfalme mjini Paris.

Miche ikaota vizuri, ikatoa maua, isizae kitu. Kwa nini? Mistroberi ya Chile kwa kawaida ni ya kike na ya kiume mbalimbali, na Frézier, kama mtu yeyote mwenye akili, alichagua ile aliyoiona imebeba matunda makubwa. Yote ilikuwa ya kike! Miaka mingi ikapita kabla wakulima wa upande wa Brest, magharibi ya Ufaransa, hawajatambua kwamba wakipanda mistroberi ya Virginia katikati ya ile ya Chile, huzaa sana. Upepo na nyuki walichukua chavua kutoka mmoja hata mwingine, na katika mbegu zake pakatokea aina mpya, kubwa kama ya mama na nyekundu kama ya baba. Kijana Mfaransa, Antoine Nicolas Duchesne, ndiye aliyelifumbua fumbo hilo la jinsia; mwaka 1764 alimpelekea mfalme Louis wa 15 chungu cha mstroberi wa Chile aliouzalisha kwa chavua ya aina nyingine, na mwaka 1766 akatoa kitabu chake juu ya mistroberi. Wataalamu huiita aina ile mpya kwa jina la ananassa, kwa sababu harufu yake iliwakumbusha nanasi. Karibu kila stroberi iuzwayo sokoni leo, hata zile zilimwazo Limuru, ni ya ukoo huo.

Katika masimulizi haya wanatajwa Frézier, Duchesne na wafalme wawili. Lakini nani alilikuza tunda likawa kama yai? Si Frézier, yeye alilikuta tayari. Ni Wamapuche na jirani zao wa Chile, waliolilima vizazi vingi kabla ya Mhispania yeyote kutia mguu huko. Hawakuandika vitabu. Hata hivyo lugha yao ilikuwa na jina moja kwa stroberi ya mwituni na jina jingine kwa ile ya kupandwa shambani, na ushahidi wa namna hii mimi nauthamini sawa na hati yenye muhuri.

Basi ukitaka kuitengeneza kachumbari hii nyumbani, twaa stroberi vikombe viwili, zilizoiva lakini zingali ngumu. Zioshe kabla ya kung'oa vikonyo, kwa maana ukiving'oa kwanza maji huingia ndani na tunda hupooza. Zikate vipande vidogo. Ongeza nusu ya kitunguu chekundu kilichokatwa laini sana, pilipili moja mbichi, konzi ndogo ya dania, na maji ya ndimu moja. Pilipili ipasue uondoe ule utando mweupe ushikao mbegu. Humo ndimo ukali ulimojaa, wala si katika mbegu kama wengi wadhanivyo. Chumvi, robo ya kijiko cha chai, itie mwisho, karibu na kula, kwa sababu huvuta maji ya matunda na kuifanya kachumbari kuwa mchuzi. Sukari usitie. Iache robo saa, kisha ile pamoja na samaki wa kukaanga au nyama ya kuchoma, wala isilale hata kesho. Ukikosa stroberi, forosadi zilizoiva zafaa, ila usivae shati la shule siku hiyo.

Na kama yuko nyumbani atakayesema kwamba matunda kama hayo hayafai kuchanganywa na pilipili, mjibu kwa elimu ya mimea. Wataalamu huliita tunda lenye nyama laini yenye mbegu ndani kwa jina moja, na katika jamii hiyo zimo nyanya na pilipili zenyewe. Stroberi haimo! Matunda yake halisi ni vile vidonge vidogo vilivyoshikamana juu ya ngozi yake, na ile nyama tamu tuilayo ni kikalio cha ua kilichovimba.

Huko Purén, kusini ya Chile, wako wakulima wadogo wangali wakilima ile stroberi ya kale, mama wa hizi zetu. Si nyekundu, ni nyeupe yenye wekundu kidogo, na harufu yake ni kali. Wahispania walipoiona waliiita frutilla, maana yake kitunda, na watu wa Chile hutumia jina hilo hata leo.