Kutoka Mathari hadi Harare: Nani Aliwalea Watafiti wa Afya ya Akili?

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimkabidhi daktari wake mmoja hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. John Colin Carothers alikuwa tabibu wa kawaida, na magonjwa ya akili hakuwa amewahi kuyasomea. Alijifunza humo humo wodini, baada ya vita akaenda Uingereza kuchukua stashahada, akarudi, na hadi anaondoka mwaka 1950 alikuwa amekwisha kugeuka msemaji mkuu wa akili ya Mwafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake. Humo alidai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, na kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka uliofuata serikali ilichapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau, na madai ya watu walionyang'anywa ardhi yakageuzwa kuwa tatizo la nafsi.

Ubaguzi wa rangi ulikuwepo kabla yake. Miaka ya 1930 Nairobi ilikuwa na madaktari, H. L. Gordon na F. W. Vint, waliopima mafuvu na bongo za Waafrika wakitafuta ushahidi wa upungufu. Lakini lipo jambo jingine katika kisa cha Carothers ambalo kila anayesomea ubingwa wa magonjwa ya akili leo angepaswa kulijua. Mtu huyu alitafiti bila mwalimu. Mathari haikuwa na mkubwa wa kumuuliza amehesabuje wagonjwa wake, wala mwenzake Mwafrika wa kumwambia kwamba walioletwa hospitalini na polisi si kipimo cha watu waliobaki nyumbani. Mwenye sonona hapigi kelele sokoni. Anakaa ndani, analima kwa shida, na hafikishwi Mathari. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye msimamizi makini angeliona kosa hilo.

Aliyemjibu alitoka Nigeria. Thomas Adeoye Lambo alisomea udaktari Birmingham, kisha magonjwa ya akili London, na mwaka 1954 akarudi kwao Abeokuta kuongoza hospitali ya Aro. Huko aliwapangia wagonjwa nyumba katika vijiji jirani wakae na ndugu zao, mchana wakitibiwa hospitalini, na waganga wa jadi akawashirikisha kazini. Mwaka 1955 alichapisha makala iliyozipinga hoja za Carothers kwa ushahidi wa wagonjwa wa Kiyoruba. Mwaka 1961 aliwakutanisha Abeokuta wataalamu wa magonjwa ya akili kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na katika miaka hiyo hiyo akashirikiana na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell katika utafiti uliotoka hospitalini ukaenda kuwahoji watu vijijini. Vijana wa Nigeria waliofanya kazi katika utafiti ule walijifunza sampuli na hojaji kwa kuzishika mikononi.

Afrika Mashariki, kazi kama hiyo ilianza kuchipua Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Hospitali ya Butabika ilifunguliwa mwaka 1955 nje ya Kampala, na Stephen Bosa, Mganda wa kwanza kuwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili, alikuja kuiongoza. Katikati ya miaka ya 1960 chuo kilipata idara ya magonjwa ya akili chini ya Profesa Allen German, aliyechunguza hata afya ya akili ya wanafunzi wa Makerere wenyewe. Daktari John Orley alikwenda kuishi na kutafiti miongoni mwa Waganda wa vijijini. Baadaye yeye na John Wing wa London walichapisha, mwaka 1979, matokeo ya kuwahoji watu wa vijiji viwili vya Uganda kwa mahojiano yale yale yaliyotumika kwa wanawake wa mtaa wa Camberwell, London. Sonona ilikutwa vijijini, tena kwa kiwango kikubwa kuliko Camberwell. Dai la Carothers lilianguka pale pale, na lililoliangusha ni kubisha hodi nyumba kwa nyumba.

Lakini matokeo hayo yalipochapishwa, Makerere yenyewe ilikuwa imekwisha kujeruhiwa. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971, na ndani ya muda mfupi walimu walianza kuondoka. German aliishia Perth, Australia. Jengo na vitabu hubaki mwalimu akikimbia. Kinachopotea ni ule mkono unaopitia rasimu ya kijana usiku na kumrudishia imejaa alama. Maktaba haina kitabu cha kuziba pengo hilo.

Walimu waliotawanyika, hata hivyo, walikwenda na ujuzi wao. Daktari Wilson Acuda, Mganda, alifundisha Nairobi na kuandika juu ya madhara ya pombe katika Afrika Mashariki, halafu akaenda Chuo Kikuu cha Zimbabwe. Nairobi yenyewe ilikuwa imeanza kupata vijana wake. Mwaka 1979 jarida la wataalamu wa magonjwa ya akili la Uingereza lilichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa akili katika kituo cha afya cha kijijini Kenya. Jina la kwanza lilikuwa la David Ndetei, wakati huo daktari kijana, na la pili la mkubwa wake, Muhangi. Mpangilio huo wa majina naupenda sana. Wengi waliosoma katika vyuo vyetu wanajua jinsi jina la mkubwa linavyotangulia hata pale ambapo hakuandika sentensi moja. Ndetei alikuja kuwa profesa, akalea watafiti wengi wa Kenya, na kuanzisha taasisi ya utafiti na mafunzo ya afya ya akili mjini Nairobi.

Sasa twende Harare, maana huko ndiko mnyororo wa malezi unakoonekana wazi kuliko kwingine kokote ninakokujua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alifika huko Vikram Patel, daktari kijana kutoka India, kuja kufundisha na kutafiti. Angeweza kuchukua hojaji za London akazitafsiri, kazi ikaisha. Badala yake yeye na wenzake walianza kwa kuwauliza wagonjwa, wauguzi na waganga wa jadi jinsi watu wa Harare wanavyoyaeleza mateso ya moyo, na kutokana na majibu hayo wakaunda hojaji ya Kishona. Katika makala zao za 1997 jina la Acuda limo pamoja na majina ya Wazimbabwe kama Fungisai Gwanzura na Essie Simunyu. Mwalimu aliyetoka Uganda na kupitia Nairobi sasa alikuwa akishirikiana na daktari kutoka India kuwahoji wagonjwa wa Zimbabwe. Miaka hiyo hiyo Melanie Abas, naye kijana kutoka Uingereza, alitafiti sonona miongoni mwa wanawake wa mtaa mmoja wa Harare.

Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, aliikuta hazina hiyo tayari. Mgonjwa wake mmoja, msichana, alijiua. Familia yake ilikuwa mbali na haikuwa na nauli ya kumrudisha hospitalini. Zimbabwe ilikuwa na madaktari bingwa wa akili wachache mno, na mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, Harare, Chibanda aliwageukia akina bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii. Waliketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuyatatua matatizo yao moja baada ya jingine. Wazo hilo lingeweza kubaki kisa cha kupendeza cha kusimuliwa mikutanoni. Lilichukua miaka kumi kuwa ushahidi. Mwaka 2016 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio la zahanati 24 na wagonjwa 573. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliokaa na akina bibi, na asilimia 49.9 kwa waliopata huduma ya kawaida. Kipimo kikuu cha jaribio hilo kilikuwa hojaji ya Kishona, ile ile iliyozaliwa miaka ya 1990. Abas, yule kijana wa zamani wa Harare, alikuwa mmoja wa waandishi.

Dar es Salaam nayo ina kazi ya namna hiyo. Profesa Sylvia Kaaya na Daktari Jessie Mbwambo wa Muhimbili, pamoja na wenzao, walionyesha mwaka 2002 kwamba hojaji ya dalili za sonona na wasiwasi iliyotoka Marekani inaweza kutumika kwa wajawazito wa Tanzania wanaoishi na VVU, kisha wakatengeneza hojaji fupi ya hapa hapa nyumbani. Kijana anayeandika tasnifu kuhusu wajawazito leo haanzi sifuri.

Addis Ababa walichelewa, kisha wakakimbia. Hadi mwaka 2003 daktari wa Ethiopia alisomea ubingwa wa akili ughaibuni, na wengi hawakurudi. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Addis Ababa kilianza kuwafundisha nyumbani, walimu wa Toronto wakija kwa zamu kwa majuma kadhaa. Naona uamuzi wa busara ulikuwa huo wa kumleta mwalimu badala ya kumsafirisha mwanafunzi, kwa sababu mwanafunzi aliendelea kuwaona wagonjwa wake na kuuliza maswali yanayotokana nao. Atalay Alem, aliyepata uzamivu wake Umeå, Sweden, kwa utafiti wa Butajira, Ethiopia, alikuwa miongoni mwa walioisimamisha kazi hiyo.

Mwaka 2015 ulipoanzishwa mpango wa DELTAS wa kuwajenga wanasayansi wa Afrika, ukisimamiwa kutoka Nairobi, vyuo vya Zimbabwe, Ethiopia, Malawi na Cape Town viliunganishwa katika mradi wa AMARI chini ya Chibanda. Vijana walilipiwa masomo ya uzamili, uzamivu na zaidi, na kila mmoja alipewa walezi. Miaka miwili baadaye mafunzo ya GINGER yalianza kuwafunza vijana wa Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini utafiti wa jenetiki ya magonjwa ya akili, wakishirikiana na Harvard.

Miradi hiyo huendeshwa kwa fedha za wafadhili wa nje, nayo ina tarehe ya mwisho. Daktari kijana wa hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, au ya Mathari anabaki na foleni ya wagonjwa asubuhi, zamu ya usiku, na tasnifu ya ubingwa ambayo ikishasahihishwa inapelekwa rafuni bila kuchapishwa. Msimamizi wake naye ana wanafunzi wengi na kliniki zake. Katika vyuo vyetu saa za kumlea mtafiti zinapaswa kuandikwa kwenye mkataba wa mhadhiri kama zinavyoandikwa saa za darasani, na kulipwa na serikali zetu. Kwa sasa mwalimu anayezitoa huzitoa kwenye usingizi wake.