Saa za Rahu Ugenini: Kanuni, Jedwali na Neno "Saa"

Kalenda za ukutani zichapishwazo kusini mwa India, hasa katika jimbo la Tamil Nadu, huonyesha chini ya tarehe ya kila siku saa za Rahu, yaani muda wa saa moja na nusu ambao haifai kuanza ndani yake jambo lolote la maana: kufunga safari, kutia sahihi mkataba, kufungua duka, au kupeleka posa. Kazi iliyokwisha kuanza huendelea. Kinachoepukwa ni mwanzo. Waswahili nao wana msamiati wa mambo haya tangu kale. Wakati mbaya wa namna hiyo huitwa wakati wa nuhusi, na kinyume chake ni sudi. Na elimu ipimayo nyakati hizo huitwa falaki.

Madhumuni ya makala haya si kuthibitisha wala kukanusha kwamba Rahu ana nguvu juu ya shughuli za wanadamu. Swali linaloulizwa ni la kihistoria na la kilugha: Mhindu anapohama kwao na kukaa Nairobi au London, saa za Rahu huzipata vipi? Jibu la swali hili laonyesha jinsi desturi inavyoweza kuhifadhiwa kwa herufi zake huku maana yake ikipotea, na laonyesha pia kwamba neno la Kiswahili "saa" limebeba ndani yake kumbukumbu ambayo lugha nyingine zimekwisha kuisahau.

Rahu, kwa mujibu wa masimulizi ya Kihindu, alikuwa mmoja wa asura aliyejipenyeza kati ya miungu ili anywe maji ya uzima wa milele. Jua na Mwezi wakamtambua na kumfichua, na Vishnu akamkata kichwa. Kwa kuwa maji yalikuwa yamekwisha kufika kooni, kichwa hakikufa; nacho tangu siku hiyo huwaandama Jua na Mwezi na kuwameza, ndipo hutokea kupatwa. Wanajimu wa India walimfasiri Rahu kuwa ni mahali angani ambapo njia ya mwezi hukutana na njia ya jua. Kwa hiyo Rahu huhesabiwa miongoni mwa sayari tisa, ijapokuwa haonekani kwa macho.

Kanuni ya saa zake ni nyepesi. Mchana, tangu jua kuchomoza hata kuzama, hugawanywa katika sehemu nane zilizo sawa. Sehemu ya Rahu ni ya 2 siku ya Jumatatu, ya 3 Jumamosi, ya 4 Ijumaa, ya 5 Jumatano, ya 6 Alhamisi, ya 7 Jumanne, na ya 8 Jumapili. Sehemu ya kwanza ya mchana haiguswi na Rahu siku yoyote. Ikiwa mchana una saa 12 kamili na jua limechomoza saa 12 asubuhi, kila sehemu itakuwa na dakika 90, na hapo ndipo lilipotoka jedwali la kalenda: Jumatatu saa 1:30 hadi saa 3:00, Jumamosi saa 3:00 hadi saa 4:30, Ijumaa saa 4:30 hadi saa 6:00, na kadhalika hadi Jumapili, saa 10:30 hadi saa 12:00 jioni.

Hapa mambo mawili yapasa kutenganishwa. Kanuni ni ile ya sehemu nane za mchana. Jedwali ni mfano mmoja tu wa kanuni hiyo, mfano wa siku ambayo usiku na mchana ni sawa. Katika Tamil Nadu, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana kwa mwaka, kosa la kutumia jedwali badala ya kanuni ni dogo. Kwa sababu hiyo jedwali lilizoeleka, likakaririwa na watoto, likachapishwa, na mwisho likaonekana kuwa ndilo desturi yenyewe.

Mabadiliko ya saa za serikali yaliongeza utata. Zamani kila mji ulipima muda wake kwa jua lake. Wanajimu walitumia ghati, ambayo ni dakika 24, zikiwa 60 kwa siku moja kuanzia macheo hadi macheo. Tarehe 1 Januari 1906 serikali ya kikoloni iliweka saa moja kwa India nzima, iliyo mbele ya Greenwich kwa saa tano na nusu, ingawa Bombay na Calcutta ziliendelea kushika saa zao kwa miaka mingi baadaye. Tangu hapo jua liliweza kuchomoza mashariki mwa nchi mapema sana kuliko magharibi, hali saa za ukutani zasema mamoja. Hata Kamati ya Kurekebisha Kalenda iliyoundwa mwaka 1952 chini ya mwanasayansi Meghnad Saha ilibidi ichague mahali pamoja pa kufanyia hesabu ya kalenda ya taifa, iliyoanza kutumika tarehe 22 Machi 1957. Palipochaguliwa ni nukta iliyo katika nyuzi 82 na nusu mashariki, kwenye latitudo ya Ujjain, mji uliokuwa kitovu cha hesabu za nyota za Kihindi tangu kale.

Wahindi waliofika pwani ya Afrika Mashariki hawakuwa wote na mapokeo ya kusini. Wafanyabiashara Wahindu wa Zanzibar na Mombasa, ambao Waswahili waliwaita Mabanyani, wengi wao walitoka Kutch na Gujarat. Huko mfumo uliojulikana zaidi ni choghadiya, ambao nao hugawa mchana sehemu nane na usiku sehemu nane, kila sehemu ikiwa chini ya sayari yake. Siku ya Jumapili sehemu hizo hufuatana hivi: Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi, Zohali, Mushtari, Mirihi, kisha Jua tena. Msomi wa falaki ya Waswahili hana budi kuutambua mpangilio huu, kwa maana ndio ule ule wa saa za sayari katika vitabu vya Kiarabu, ila huko mchana hugawanywa mara 12. Katika mifumo yote miwili Zohali na Mirihi huhesabiwa kuwa ni nuhusi. Ufanano huu si wa bahati: elimu ya sayari saba na siku saba ilienea kutoka nchi za Mashariki ya Kati na Uyunani, na Kisanskriti chenyewe kilitwaa neno la Kiyunani "hora" kwa maana ya saa. Banyani na mwalimu wa falaki, waliokaa mtaa mmoja mjini Mombasa, walikuwa warithi wa hesabu moja iliyopita njia mbili.

Afrika Mashariki ilimrahisishia mhamiaji kazi yake. Karibu na ikweta mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kila sehemu hubaki dakika 90 au 91. Lakini hata hapa jedwali hukosea, kwa kuwa saa rasmi ya Afrika Mashariki imefuata longitudo ya nyuzi 45, ambayo iko mashariki ya Kenya na Tanzania zote. Mjini Nairobi jua huchomoza kati ya saa 12:12 na saa 12:42 hivi kwa kutegemea mwezi. Katikati ya Februari, saa za Rahu siku ya Jumatatu huanza kama saa 2:12 na kwisha saa 3:43. Anayefuata jedwali hujizuia dakika 40 kabla ya wakati, kisha huanza shughuli zake Rahu akali yupo. Kati ya Mombasa na Kigoma, ambako saa za ukutani ni moja, tofauti ya jua hufika dakika 40.

Tofauti kubwa ilidhihirika Ulaya. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, maelfu yao walihamia Uingereza, hasa Leicester na London. Mjini London mchana wa mwishoni mwa Juni huwa na saa 16 na dakika 38, na ule wa mwishoni mwa Desemba saa 7 na dakika 49 hivi. Sehemu moja ya nane ni kama dakika 125 wakati wa kiangazi, na chini ya dakika 59 wakati wa baridi. Siku ya Jumapili jedwali husema saa 10:30 hadi saa 12:00 jioni. Kwa kanuni, Rahu wa Juni huanza saa 1:16 na kwisha saa 3:21, jua linapozama. Rahu wa Desemba huanza saa 8:54 na kwisha saa 9:53. Jedwali halikugusa hata dakika moja ya wakati wenyewe, si Juni wala Desemba.

Njia nyingine iliyojaribiwa ni kugeuza saa za India kuwa saa za mahali. Njia hii huharibu zaidi. Saa 1:30 asubuhi ya Chennai ni saa 11:00 alfajiri Nairobi, na saa 8:00 usiku kwa saa ya Greenwich. Rahu wa mchana angekuwa amehamishiwa gizani, jambo lisilo na maana katika kanuni yake. Ndiyo sababu watunzi wa panchanga kwa ajili ya wahamiaji hufanya hesabu kwa macheo na machweo ya mji anaokaa mtu. Hata wao hutofautiana dakika chache, kwa kuwa wengine huhesabu macheo tangu ukingo wa jua unapoonekana, na wengine tangu kitovu chake kifikapo upeo. Na huko kaskazini ya mbali, mathalan Tromsø nchini Norway, ambako kuna majuma ambayo jua halichomozi kabisa, kanuni yenyewe hufika kikomo chake.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na la kusema. Kiingereza huanza kuhesabu saa usiku wa manane na adhuhuri. Kiswahili huanza asubuhi na jioni. Kwa Mswahili, "saa tatu" maana yake ni kwamba saa tatu za mchana zimekwisha kupita. Saa za Rahu zikitajwa kwa Kiswahili, hesabu yake hujitokeza yenyewe: sehemu ya pili ya mchana huanza saa 1:30 kwa kuwa sehemu moja ya dakika 90 imekwisha. Kwa Kiingereza uhusiano huo umefichika. Hata hivyo lugha nayo ina mpaka wake. Katika Juni ya London Mswahili husema "saa tatu usiku" na jua lingali linamulika, maana neno limebaki pwani hali msemaji amesafiri.

Tofauti ya pili ni ya siku. Kwa desturi ya Waswahili "usiku wa Jumanne" ni usiku utanguliao mchana wa Jumanne. Kwa hesabu ya Kihindu siku huanza macheo, na usiku huo huo ni wa Jumatatu. Mfasiri wa choghadiya ya usiku asiyelijua hili atampa msomaji nuhusi ya siku nyingine.

Inafuata basi kwamba mfasiri wa maandishi haya hapaswi kutosheka na kuandika "saa 1:30 hadi saa 3:00". Afadhali aandike "sehemu ya pili kati ya nane za mchana", kisha ataje saa za mji anaoukusudia. Waswahili husema nyota njema huonekana asubuhi. Kwa mhamiaji, asubuhi hiyo ni ya pale alipo. Waliolisahau hilo walishika namba za kalenda, wakaliacha jua lililozizaa.